Timu za michezo za shule ya upili, Nairobi: maswali tunayoulizwa mara kwa mara na wazazi, wachezaji na makocha

Kila Januari, wiki ya majaribio ya kuchagua wachezaji ikianza tu, idara ya michezo hupokea maswali yaleyale: mengine langoni, mengine kwa simu saa tatu usiku, na mengine yakiwa tayari yamegeuka mabishano. Tumeyakusanya hapa. Yanahusu timu zote, za wavulana na za wasichana, na pale mchezo fulani una kanuni yake tumeutaja. Ukiwa na nafasi ya kusoma jibu moja tu, soma lile la kutoa taarifa mapema. Ugomvi mwingi tunaoamua kwa mwaka hauanzi uwanjani. Unaanzia kwenye habari iliyochelewa.

Msimu unaanza lini na kuisha lini?

Kalenda hatupangi sisi. Hupangwa na chama cha michezo cha shule za sekondari, KSSSA. Kwa kawaida muhula wa kwanza huwa na mpira wa kikapu, mpira wa mikono, hoki na raga ya wachezaji 15. Muhula wa pili ni wa soka, voliboli, netiboli na raga ya wachezaji 7. Timu huanzia kwenye kanda, ikishinda huenda kaunti ndogo, kisha ngazi ya Nairobi, kisha taifa, na bingwa wa taifa hukutana na wenzake wa Afrika Mashariki kwenye FEASSSA, michezo ya shule za sekondari za ukanda huo. Muhula wa tatu ni wa mitihani.

Mzazi aelewe jambo moja kabla hajalipia njumu mpya: timu ikipoteza mechi ya mtoano ngazi ya chini, msimu wa mashindano umeisha alasiri hiyo hiyo. Mazoezi ya miezi miwili yanaweza kuzaa mechi nne tu. Ndiyo maana tunatafuta mechi za kirafiki mapema, na ndiyo maana mechi ya kirafiki si ya kudharau.

Majaribio yanaendeshwaje?

Kwa siku tatu. Siku ya kwanza ni mbio na ujuzi wa msingi: kupokea, kutoa pasi, kulenga. Siku ya pili ni michezo midogo, watatu kwa watatu au watano kwa watano, maana hapo hakuna pa kujificha. Siku ya tatu ni mechi kamili. Kocha na walimu wawili huandika alama kila mmoja kwenye karatasi yake, na hawalinganishi mpaka siku ya tatu iishe. Wakizungumza kabla, aliyesema kwanza ndiye huamua kwa niaba ya wote.

Anayekosa siku moja kwa ugonjwa hupewa siku nyingine iwapo ametoa taarifa. Asiyechaguliwa huambiwa ana kwa ana na kocha, na hutajiwa mambo mawili ya kufanyia kazi. Hatubandiki orodha ukutani kabla ya mazungumzo hayo.

Mambo yanayowaangusha vijana wazuri ni madogo. Kuja bila kula tangu saa nne asubuhi. Kuazima njumu zinazobana. Na kwa anayetoka Mombasa au Kilifi, pumzi: Nairobi iko juu ya usawa wa bahari kwa takriban mita 1,700, na mgeni huhema wiki mbili za kwanza hata akiwa mkimbiaji hodari. Tunamwambia kocha alizingatie hilo kwenye alama.

Nyaraka gani zinahitajika?

Nakala ya cheti cha kuzaliwa (cha asili kionyeshwe, kirudi nyumbani), namba ya usajili ya mwanafunzi kwenye mfumo wa Wizara ya Elimu, picha ndogo mbili, na fomu yetu ya ruhusa iliyotiwa sahihi na mzazi au mlezi. Kwenye fomu, sehemu ya afya isiachwe wazi. Pumu, kifafa, selimundu, mzio wa dawa au wa karanga, upasuaji wowote: andika. Wazazi wengine huficha pumu wakidhani mtoto ataachwa. Haachwi. Kinachotokea ni kwamba siku ya vumbi kifua kinambana, na hakuna mtu uwanjani anayejua kwamba pampu yake iko kwenye begi.

Majina kwenye cheti cha kuzaliwa na kwenye usajili wa shule yakitofautiana hata kwa herufi moja, lishughulikie muhula huu. Siku ya ukaguzi wa nyaraka, afisa hana muda wa kusikiliza hadithi ya jina la ubatizo. Shule inayochezesha mwanafunzi asiyestahili, kwa umri au kwa usajili, inaweza kupokonywa ushindi wote, na wenzake kumi na saba wanarudi nyumbani pamoja naye.

Mazoezi ni siku gani, na yanakwisha saa ngapi?

Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa kumi na robo hadi saa kumi na mbili kasoro robo. Jua la Nairobi huzama kama saa kumi na mbili unusu mwaka mzima, na mwanafunzi wa kutwa anayepanda matatu mbili kufika Kayole au Githurai anahitaji mwanga huo. Kocha anayeongeza "dakika kumi tu" anamla mtoto muda wake wa barabarani.

Dakika 20 za mwanzo ni za kupasha misuli moto. Timu za soka hufuata mpango wa FIFA 11+: mazoezi 15, kwa mpangilio wa kukimbia polepole dakika 8, kisha nguvu, kuruka na kusimama kwa mguu mmoja dakika 10, kisha mbio za kasi dakika 2. Ukifanywa angalau mara mbili kwa wiki hupunguza majeraha ya goti na kifundo. Anayechelewa dakika 15 huufanya peke yake pembeni kabla ya kuingia, hata kama ni nahodha.

Mwanangu hatafika mazoezini. Nimwambie nani, na lini?

Kocha, kabla ya saa sita mchana wa siku hiyo. Kwa mechi, jioni ya siku iliyotangulia. Mchezaji mwenyewe ndiye wa kwanza kusema, mzazi huthibitisha. Ujumbe mfupi unatosha, na mzuri unafanana na huu:

"Kocha, hujambo. Ni mama wa namba 8, voliboli ya wasichana. Leo hatafika, ana miadi ya daktari wa meno saa tisa. Ijumaa atakuwepo. Asante."

Una jina la timu, sababu, na siku ya kurudi. Sasa linganisha na "Leo hayuko", uliotumwa saa kumi na nusu kwenye kundi la WhatsApp lenye watu 40. Kocha hajui nani hayuko, wala kama atakuwepo Jumamosi, na tayari amepanga mazoezi ya kupokea mpira kwa watu sita. Kundi la WhatsApp ni la matangazo ya timu. Udhuru hutumwa kwa kocha moja kwa moja.

Kukosa mara moja bila taarifa: mazungumzo. Mara ya pili: haanzi mechi inayofuata. Mara ya tatu: mzazi anaitwa. Msiba, ugonjwa, ibada na kuitwa ofisini kwa sababu ya karo havihesabiwi kamwe, mradi tumeambiwa.

Mwanangu yuko kwenye timu lakini hachezi. Kwa nini?

Hili ndilo swali kubwa kuliko yote, na kulijibu kwa neno moja ni kumpuuza mzazi.

Kikapu kina watano uwanjani na orodha ya 12. Voliboli ina sita uwanjani, netiboli na mpira wa mikono saba saba. Kwa hiyo kila mechi, karibu nusu ya kikosi au zaidi wako benchi hata siku ambayo wote wamefanya vizuri. Kwenye mechi za kirafiki tunamtaka kocha ampe kila mchezaji aliyehudhuria mazoezi muda wa kucheza: robo moja nzima ya kikapu, seti moja ya voliboli, dakika 20 za soka. Dakika mbili za mwisho mabao yakiwa matano kwa bila hatuziiti muda wa kucheza. Mtoto huziona kama sadaka. Kwenye mechi za mashindano, hasa za mtoano, kocha hupanga anayeona watashinda, na hilo hatumwingilii.

Tunachomdai kocha ni sababu inayoweza kutamkwa. "Bado" si sababu. "Akipokea huduma anasimama wima, mpira unamgonga mkononi juu ya kiwiko na kuruka nje" ni sababu, na mchezaji anaweza kwenda nayo ukutani jioni akaifanyia kazi mara 50. Kocha asipoweza kueleza hivyo, basi amechagua kwa mazoea, na mzazi ana haki ya kuuliza tena.

Mchezaji aulize kwanza yeye mwenyewe, baada ya mazoezi, si siku ya mechi. Swali lenye manufaa ni "Nifanye nini ili nicheze?" Swali la "Kwa nini fulani anacheza?" hatulijibu, kwa mchezaji wala kwa mzazi. Mtoto wa mwenzio hajadiliwi nawe.

Naweza kumkabili kocha baada ya mechi?

Ngoja saa 24. Kocha aliyeshindwa dakika tano zilizopita na mzazi aliyeudhika hawana la maana la kuambiana. Kesho yake, nusu ya maneno yatakuwa yamejifia yenyewe. Baada ya hapo ngazi ni hii: mchezaji na kocha, kisha mzazi na kocha, kwa miadi, mchezaji akiwepo, kisha mkuu wa idara ya michezo, kisha naibu wa mwalimu mkuu, na mwisho mwalimu mkuu. Anayeruka ngazi hurudishwa chini kwa upole.

Kuna jambo moja lisilongoja hata saa moja: usalama wa mtoto. Limejibiwa hapa chini.

Nikiwa pembeni mwa uwanja, naruhusiwa kupiga kelele?

Piga makofi, imba, ita jina la timu. Usielekeze.

Tazama kinachotokea. Beki wa kulia amepokea mpira, ana mshambuliaji mmoja mbele yake. Wiki nzima kocha amemfundisha atulie, amrudishie kipa, mchezo uanzishwe upya upande wa pili. Mzazi akafoka, "Piga! Piga mbele!" Mtoto anageuza shingo nusu, sekunde moja inapotea, mpira unanyakuliwa. Kocha anamlaumu kwa kutotii, mzazi anamlaumu kwa kutotii, na yeye alikuwa anajaribu kuwatii wote wawili.

Mashabiki wakae upande mmoja na benchi upande wa pili, hatua tatu nyuma ya mstari. Hakuna mtu nyuma ya goli. Jina la mchezaji wa timu pinzani halitajwi, na kabila, mwili au mtaa wa mtu yeyote haviguswi. Mzazi anayefanya hivyo huombwa atoke, na mechi inaweza kusimamishwa mpaka atoke.

Refa akituonea?

Nahodha ndiye huzungumza naye, kwa adabu, mpira ukiwa umesimama. Malalamiko rasmi huandikwa na meneja wa timu kwa kufuata kanuni na muda uliowekwa na waandaaji. Mzazi hana sehemu hapo. Akiingia uwanjani, adhabu huangukia timu.

Kocha anaruhusiwa kumwadhibu mwanangu kwa namna gani?

Kwa kumweka benchi, kumpa kazi ya kubeba vifaa, kumsimamisha mechi, au kumwondoa kikosini baada ya kumwita mzazi. Basi. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza adhabu ya kimwili na mateso ya kiakili kwa mwanafunzi, na uwanja wa michezo ni sehemu ya shule. Kofi, kiboko, kupiga magoti kwenye changarawe, matusi, kumwita mtoto mnene mbele ya wenzake: vyote marufuku.

Vipi kuhusu kuzungushwa uwanja mara kumi? Makocha wengi wazuri bado wanatumia hili, nasi tunawapinga. Mbio ndizo kazi yenyewe ya mwanamichezo. Ukizifanya kuwa adhabu, unamfundisha azichukie. Zaidi ya hayo, adhabu ya mbio hutolewa mwishoni, mtoto akiwa amechoka na maji yamekwisha, na hapo ndipo misuli huchanika.

Mipaka kati ya kocha na mchezaji iko wapi?

Kocha awe mwalimu aliyesajiliwa na TSC, tume ya walimu, au, akiwa ameajiriwa na bodi ya shule, awe na cheti cha maadili mema kutoka DCI, idara ya upelelezi wa jinai. Timu ya wasichana haisafiri bila mwalimu au mlezi wa kike. Ujumbe wa kocha kwa mchezaji hupitia kundi ambamo kuna mtu mzima wa pili. Kocha hamwandikii mwanafunzi faraghani usiku. Hampakii mmoja peke yake kwenye gari lake. Haingii chumba cha kubadilishia nguo wachezaji wakivua. Massaji haifanywi nyuma ya mlango uliofungwa.

Mtoto akikueleza jambo la kutisha, usimhoji kwa ukali na usimpigie kocha kwanza. Mwambie mwalimu mkuu siku hiyo hiyo, au piga 116, namba ya bure ya kuwasaidia watoto inayofanya kazi saa 24. Ikiwa ni unajisi, mtoto afike hospitali ndani ya saa 72, kabla ya kuoga na akiwa na nguo zilezile, kisha polisi.

Akiumia uwanjani, nini kinafanyika?

Majeraha mengi ni ya kifundo cha mguu. Viwanja vyetu vina mchango: udongo mweusi wa upande wa Embakasi na Lang'ata hunata kama gundi mvua za Machi hadi Mei zikinyesha, kisha kiangazi hupasuka nyufa zinazomeza kisigino. Walimu hukagua uwanja kabla ya mazoezi, hujaza mashimo, huokota vioo.

Kifundo kikiteguka: atoke, avue kiatu, barafu ifungwe kwenye kitambaa (isiguse ngozi) kwa dakika 15 hadi 20, irudiwe kila baada ya saa mbili au tatu kwa siku mbili za mwanzo. Bandeji ya kunyumbulika ianzie vidoleni kwenda juu. Vidole vikibadilika rangi au kufa ganzi, imebana mno. Mguu uinuliwe. Kuchua, kukanda kwa maji moto na dawa za kuwasha ngozi ni marufuku siku hizo mbili. Huongeza damu mahali palipovimba. Tunajua nyanya wengi hawatakubaliana nasi. Asipoweza kupiga hatua nne, au ukibonyeza kifupa cha upande wa kifundo akaruka kwa maumivu, aende kupigwa picha ya eksirei.

Kichwa ni habari nyingine. Mchezaji aliyegongwa kichwa na kuonekana kuduwaa, kusahau matokeo, kuyumba, kuumwa kichwa au kuona ukungu hutoka na harudi siku hiyo, hata akilia, hata ikiwa fainali. Si lazima awe amezimia. Akitapika tena na tena, akapata degedege, usingizi mzito, ganzi, maumivu ya shingo, au kichwa kikazidi kuuma, ni hospitali mara moja. Nyumbani apumzike siku moja au mbili, simu na televisheni kwa kiasi kidogo, alale. Hurudi darasani kabla ya kurudi mazoezini. Kwa raga, mwongozo wa World Rugby kwa wachezaji wasio wa kulipwa hautaki arudi kwenye mechi kabla ya siku 21. Sisi tunautumia kwa michezo yote. Mzazi anayekuja na mtoto siku ya saba akisema amepona, tunamwamkia vizuri na tunamrudisha naye.

Gharama: mtoto aandikishwe kama mtegemezi wako kwenye SHA, bima ya afya ya serikali, kabla ya msimu. Mwalimu wa zamu hubeba nakala za fomu za afya na namba mbili za simu kwa kila mchezaji. Moja ikiwa imefungwa na ya pili ni ya jirani aliyehama, hatuna wa kumpigia.

Ale nini siku ya mechi?

Mechi ikiwa saa nne asubuhi, ale saa moja: uji, viazi vitamu au mkate, yai. Maji kama nusu lita saa mbili kabla. Maandazi na chipsi hukaa tumboni kwa sababu ya mafuta. Githeri ni chakula kizuri sana, usiku wa kuamkia mechi. Asubuhi yenyewe, maharagwe yatacheza kabla yake. Mapumziko: vipande vya chungwa au ndizi. Baada ya mechi, ugali na ndengu au nyama, na glasi ya maziwa, mapema iwezekanavyo. Vinywaji vya kuongeza nguvu haviingii kwenye basi letu.

Anayefunga Ramadhani, ambayo miaka hii inaangukia muhula wa kwanza, amweleze kocha. Mazoezi mazito huhamishwa, na hakuna anayemshurutisha kunywa maji wala kumtania.

Dawa za mafua, miraa, virutubishi?

Baadhi ya dawa za mafua zina efedrini au pseudoefedrini, ambazo zikizidi kiwango mwilini siku ya mashindano ni kosa la dawa haramu. Miraa na muguka vina vichangamshi vilivyomo kwenye orodha hiyo hiyo ya makatazo. Pampu ya pumu yenye salbutamoli inaruhusiwa kwa kipimo cha kawaida. Unga wa misuli unaouzwa kwenye jimu za mtaani: hapana. Kopo halisemi kila kilichomo.

Vifaa gani ninunue, na mitumba inafaa?

Njumu za mitumba za Gikomba au Toi zinafaa kabisa, ukijua kuzikagua. Kunja soli kwa mikono miwili: ikunjike mbele, pale vidole vinapopindia, isikunjike katikati. Pitisha kucha kwenye mshono wa soli na ngozi. Ikiingia, gundi imekufa, na matope ya wiki ya kwanza yatamaliza kazi. Hesabu meno ya chini, na utazame kama upande mmoja umelika kuliko mwingine. Huo ni mguu wa mtu mwingine ulioachwa humo ndani. Mtoto ajaribu akiwa na soksi nene za michezo, alasiri, mguu ukiwa umepanuka. Nafasi ya upana wa kidole kimoja mbele, basi. "Atakulia ndani yake" ni njia ya uhakika ya malengelenge.

Zikilowa, zijaze magazeti na uziweke kivulini. Kuzianika karibu na jiko hulegeza gundi na kukakamaza ngozi.

Kinga za ugoko ni lazima kwa soka na hoki. Kinga ya meno ni lazima kwa raga na hoki. Hizi mbili usinunue zilizotumika.

Hijabu, nywele, vito?

Hijabu ya michezo, isiyo na pini, inaruhusiwa: FIFA kwa soka tangu 2014, FIBA kwa kikapu tangu 2017. Vito vyote vinatoka, hata hereni mpya iliyofunikwa kwa plasta. Kucha fupi, kwenye netiboli waamuzi hukagua kabla ya mechi.

Wasichana: begi la huduma ya kwanza lina taulo za hedhi kila safari. Huhitaji kumweleza kocha, mwombe mlezi.

Alama zikishuka, mnamtoa kwenye timu?

Si mara moja. Kumnyang'anya mchezo kijana anayeyumba darasani mara nyingi humfanya akose sababu ya kuamka. Kwanza kocha, mwalimu wa darasa na mzazi hukaa naye. Hupunguziwa zoezi moja kwa wiki, na saa hiyo iende kwenye somo linalomsumbua. Baada ya wiki nne tunatazama tena. Hapo ndipo kusimamishwa kunaweza kuja. Watahiniwa wa KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, humaliza michezo na muhula wa pili, bila ubishi. Wa Gredi ya 10 waliochagua mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo wajue kwamba kuwa kwenye timu hakuwapi alama za darasani.

Anachezea pia klabu ya mtaani. Kuna shida?

Shida iko kwenye hesabu. Kanuni ya haraka: saa za michezo iliyopangwa kwa wiki zisizidi miaka yake, na awe na angalau siku moja isiyo na mchezo wowote. Kijana wa miaka 15 mwenye saa 5 za shule, klabu saa 8 na mechi mbili wikendi ameshavuka. Dalili ni maumivu chini ya goti yasiyoisha, usingizi mbovu na hasira. Anahitaji kulala saa 8 hadi 10, na wengi wa kutwa hawafikishi. Makocha wawili wapeane namba na wapange. Asiachwe yeye awe mjumbe kati ya watu wazima.

Mtu anasema anaweza kumpeleka mwanangu Ulaya.

FIFA hairuhusu mchezaji aliye chini ya miaka 18 kuhamishwa nchi hadi nchi, isipokuwa kwa hali chache zilizobainishwa. Anayeomba "ada ya majaribio" au "pesa za viza" kwa M-Pesa ni tapeli mpaka athibitishe vingine. Mlete ofisini. Wengi hawaji.

Pesa za safari zinalipwaje?

Kwa akaunti ya shule, na risiti. Hazilipwi kwenye simu ya kocha, hata akiwa mwaminifu. Hasa akiwa mwaminifu, maana ndiye atakayesingiziwa. Asiye nazo aseme mapema. Hakuna aliyeachwa langoni kwa ajili ya nauli.

Basi linaondoka na kurudi saa ngapi?

Huondoka kwa wakati ulioandikwa. Mechi ya saa nne upande wa pili wa mji, na Thika Road au Jogoo Road ikiwa katikati, ina maana basi linatoka saa moja na nusu. Kila mtu kiti chake na mkanda. Kurudi, mwalimu hutuma ujumbe basi likiondoka uwanjani, ili usisimame langoni gizani. Ukitaka kumchukua mtoto kutoka uwanjani, andika na utie sahihi kwa meneja. Kumwashiria kwa mbali hakutoshi.

Naweza kuweka picha za timu mtandaoni?

Za mwanao, ndiyo. Za watoto wa wengine, si bila idhini ya wazazi wao. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamlinda mtoto. Video ya kosa la kipa haiwekwi, hata ikichekesha.

Jezi zinarudishwa lini?

Ndani ya siku tatu baada ya mechi ya mwisho, zimefuliwa kwa maji baridi, zimegeuzwa nje ndani, hazijapigwa pasi juu ya namba. Kila moja ina namba kwenye daftari la stoo na sahihi ya aliyeichukua. Iliyopotea hulipwa; iliyochanika mchezoni hailipwi, lakini irudishwe hata hivyo, tunaitoa kiraka cha nyingine.